Nafasi za kazi zinaongezeka, mbona wasio na ajira hawapungui?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nilimaliza chuo miaka miwili iliyopita, fani ya uhasibu, na tangu hapo natuma maombi kila wiki. Mwezi huu nimesoma habari mbili siku moja. Moja inasema nafasi za kazi zilizo wazi nchini zimeongezeka, nyingine inasema kiwango cha ukosefu wa ajira hakijashuka. Nani anasema kweli? Na kama nafasi zipo, mimi nina kasoro gani? Nimepewa kazi ya mkataba wa miezi minne, ya kuingiza kumbukumbu za stoo, si ya fani yangu sawasawa. Niichukue au nisubiri?"

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Habari zote mbili zinaweza kuwa za kweli, tena siku hiyohiyo moja. Hakuna aliyekudanganya. Ila kila moja imehesabu kitu chake kwa namna yake, na anayezisoma pamoja bila kujua kilichohesabiwa huishia pale ulipoishia wewe: kazi zipo tele, mimi nimekosa, basi kasoro ni yangu. Nimewaona vijana wengi wakijihukumu hivyo kwa takwimu ambazo hazikuwa zikiwazungumzia wao, na kila mara huniuma. Kwa hiyo nivumilie, jibu litakuwa refu kidogo.

Nilianza kazi hii nikiwa mdadisi wa utafiti wa nguvu kazi, yule anayepiga hodi kaya kwa kaya akiwa na dodoso mkononi. Kuna kaya moja sijaisahau hadi leo. Nilimkuta kijana na dada yake wamekaa kwenye benchi. Kabla sijafungua dodoso, kijana akaniambia, "Andika tu kwamba sina kazi." Nikamwomba radhi, nikamsomea swali kama lilivyoandikwa: katika siku saba zilizopita, umefanya kazi yoyote kwa malipo au kwa faida, hata kwa saa moja? Akafikiri. Kumbe Jumanne alimrekebishia jirani mlango, kazi ya saa mbili, akalipwa. Nikaweka alama: ana ajira. Aliitazama kalamu yangu kana kwamba nimemdhulumu.

Nikamgeukia dada yake. Yeye alitafuta kazi mwaka mzima, akachoka, akaacha. Nikamuuliza kama katika wiki nne zilizopita amefanya jambo lolote la kutafuta kazi: kupeleka barua, kuulizia, kujiandikisha popote. Akasema hapana. Nikaweka alama: yuko nje ya nguvu kazi. Nilipoaga, niliwaacha nyuma yangu vijana wawili wanaohitaji kazi kwa dhati, lakini dodoso langu halikuwa na mtu hata mmoja asiye na ajira.

Utaratibu huo si hila ya serikali yoyote. Ni kipimo kilichokubaliwa na wanatakwimu wa kazi wa dunia nzima chini ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, mwaka 1982, kikarekebishwa mwaka 2013. Ili uhesabiwe kuwa huna ajira ni lazima mambo matatu yawepo pamoja: hukufanya kazi ya kipato hata saa moja ndani ya wiki hiyo, umekuwa ukitafuta, na uko tayari kuanza ikipatikana. Kinachopatikana baada ya hapo kinagawanywa kwa nguvu kazi, yaani wenye kazi na wanaotafuta, si kwa watu wote. Uzuri wake ni kwamba nchi moja inaweza kulinganishwa na nyingine, na mwaka mmoja na mwingine. Ubaya wake unauona kwa wale ndugu wawili. Ndiyo maana marekebisho ya mwaka 2013 yalisisitiza nchi zitoe pia idadi ya walio na saa chache za kazi kuliko wanazotaka, na idadi ya wanaoitaka kazi lakini wameacha kuitafuta. Takwimu hizo mara nyingi zipo kwenye ripoti, kurasa za ndani, na hazipandi kwenye vichwa vya habari.

Hapa nataka uone jambo linalohusu swali lako moja kwa moja. Nafasi zikianza kutangazwa kwa wingi, yule dada kwenye benchi anasikia. Anafufua barua zake, anaanza kutafuta tena. Siku anayotuma ombi la kwanza, takwimu inamhamisha kutoka nje ya nguvu kazi na kumweka miongoni mwa wasio na ajira. Wakifanya hivyo maelfu kwa wakati mmoja, kiwango cha ukosefu wa ajira kinaweza kubaki palepale, hata kupanda, huku watu wengine wakiajiriwa kila siku. Kutoshuka kwa kiwango hicho kwa mwezi mmoja au miwili wakati nafasi zinaongezeka kunaweza kuwa dalili ya matumaini kurudi. Kinyume chake pia hutokea, na hicho hunitisha zaidi: kiwango kinashuka, watu wanashangilia, kumbe waliopungua wamekata tamaa tu.

Katika nchi nyingi zisizo na fidia ya ukosefu wa kazi, kiwango hicho huwa kidogo kwa sababu nyingine kabisa, kwamba asiye na akiba hawezi kukaa bure. Atafanya chochote. ILO inakadiria kuwa watu bilioni 2, zaidi ya nusu ya wafanyakazi wote duniani, wako kwenye ajira isiyo rasmi. Wengi wao kwa kipimo chetu wana ajira, na huwezi kuwahesabu kama watu waliofika.

Sasa tugeukie upande wa pili, nafasi zilizo wazi, ambako ndiko nadhani wasomaji wengi hupotea.

Nchi zinazopima nafasi kwa uangalifu huwauliza waajiri wenyewe. Marekani ina utafiti wa namna hiyo tangu Desemba 2000. Nafasi inahesabiwa kuwa wazi ikiwa kazi yenyewe ipo kweli, mtu anaweza kuianza ndani ya siku 30, na mwajiri anatafuta mtu kutoka nje ya taasisi yake. Na inahesabiwa kwa siku moja tu, siku ya mwisho ya kazi ya mwezi. Mahali pengine hakuna utafiti kama huo, kwa hiyo wanahesabu matangazo ya magazetini na mtandaoni. Huko nafasi moja iliyobandikwa kwenye tovuti tatu huweza kuhesabiwa mara tatu, na kazi zinazojazwa kwa kuambizana hazionekani kabisa.

Lakini hata kwenye utafiti bora, kumbuka kwamba tangazo si ajira. Chukua hesabu hii ya kubuni. Tuseme waajiri wa nchi fulani wanafungua nafasi mpya 1,000 kila mwezi, na zote hatimaye zinajazwa. Kama kila nafasi hujazwa ndani ya wiki mbili, siku ya kuhesabu utakuta takribani 500 ziko wazi. Kama kila moja huchukua miezi mitatu, siku hiyo utakuta 3,000. Gazeti litaandika kwamba nafasi za kazi ni mara sita zaidi. Walioajiriwa ni walewale 1,000 kwa mwezi! Kilichoongezeka ni muda ambao milango imekaa wazi bila mtu kuingia.

Na milango hukaa wazi kwa sababu gani? Nimewahi kuitwa kwenye kamati ya usaili ya taasisi moja, nafasi ya mhasibu msaidizi, fani yako hasa. Tangazo lilitaka uzoefu wa miaka mitano kwa mshahara wa mtu anayeanza kazi. Maombi yalijaza maboksi mawili. Siku ya mchujo, kila asiyefikisha miaka mitano aliwekwa kando bila barua yake kusomwa, na hao walikuwa boksi lote la kwanza na sehemu kubwa ya la pili. Waliobaki waliitwa. Baadhi walikuwa wameshapata kazi kwingine, waliofika wakaukataa mshahara. Nikapendekeza sharti la uzoefu lipunguzwe, wachukuliwe wawili wanaoanza na kufundishwa. Nikajibiwa kwamba taasisi inataka mtu wa kuanza kazi siku ya kwanza. Tangazo likatoka tena, maneno yaleyale. Nafasi ile ilikaa wazi miezi minane, na kila mwisho wa mwezi ilistahili kuhesabiwa miongoni mwa nafasi zilizo wazi. Kwa waliokuwa ndani ya boksi la kwanza, haikuwahi kuwepo.

Nakueleza haya kwa sababu barua yako, ya mhitimu wa miaka miwili, inaelekea imekaa kwenye maboksi ya namna hiyo mara nyingi. Uamuzi wa kuiweka humo ulifanywa kabla hujaandika.

Wataalamu wana mchoro mmoja wa kuziweka takwimu hizi mbili pamoja. Unaitwa kwa jina la William Beveridge, Mwingereza ambaye mwaka 1944 aliandika kwamba nchi inapaswa kuwa na nafasi nyingi kuliko wanaozitafuta. Hoja yake ni ya kibinadamu kuliko wengi wanavyodhani: mwajiri aliyekosa mtu hupata usumbufu au hasara, lakini mtu aliyekosa mwajiri ni kama ameambiwa hana faida kwa yeyote, na hilo ni janga la maisha yake. Mchoro wenyewe hakuuchora yeye. Ulichorwa na wachumi Dow na Dicks-Mireaux mwaka 1958. Upande mmoja unaweka wasio na ajira, upande mwingine nafasi zilizo wazi. Kwa kawaida zinakwenda kinyume: uchumi ukichangamka nafasi hupanda na wasio na ajira hupungua, ukidorora mambo hugeuka. Zote mbili zikipanda kwa pamoja, au moja ikipanda na nyingine ikagoma kushuka kwa muda mrefu, ndipo tunasema mstari umehama. Maana yake watu na kazi wanapishana. Wanaotafutwa wako mji mwingine, au ujuzi si ule, au mshahara hautoshi hata nauli na pango, au masharti ni ya maboksi mawili. Peter Diamond, Dale Mortensen na Christopher Pissarides walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2010 kwa kueleza jinsi kutafutana huko kunavyochukua muda na gharama, hata pale ambapo nafasi na watu wote wapo.

Nikupe mfano wenye namba halisi, kwa kuwa Marekani takwimu zake ni za kila mwezi. Katikati ya mwaka 2009, baada ya msukosuko wa fedha, kulikuwa na watu zaidi ya sita wasio na ajira kwa kila nafasi moja. Machi 2022 ilikuwa kinyume kabisa: nafasi takribani milioni 12, watu takribani milioni 6, yaani nafasi mbili kwa kila mtu. Mwaka huohuo ukazuka ubishi mkubwa. Christopher Waller wa benki kuu ya nchi hiyo alidai kwamba nafasi zinaweza kupungua sana bila watu wengi kupoteza kazi. Olivier Blanchard na Lawrence Summers, wachumi wenye majina mazito, walisema historia haijawahi kuonyesha hivyo. Kufikia katikati ya 2024 nafasi zilikuwa zimeshuka hadi karibu milioni 8, na ukosefu wa ajira ulikuwa umesogea kutoka karibu asilimia 3.6 hadi juu kidogo tu ya 4. Utabiri wa Waller ndio uliosimama. Mimi nililojifunza pale ni hili: matangazo milioni 4 yaliondoka, na walio kazini hawakutikisika kwa kiasi hicho. Sehemu kubwa ya yale matangazo yalikuwa matamanio ya waajiri, si viti vilivyokuwa vinasubiri watu. Kama yanaweza kutoweka bila kuumiza wengi, basi yanaweza pia kuongezeka bila kuwafaa wengi.

Kwa hiyo ukisoma tena habari ya nafasi kuongezeka, tafuta idadi nyingine ndani ya ripoti hiyohiyo: wangapi waliajiriwa mwezi huo. Huko Marekani walioajiriwa kwa mwezi huzidi milioni 5, na wanaoacha au kuachishwa hukaribia idadi hiyo, ilhali kinachotangazwa kwa kishindo ni tofauti ndogo inayobaki. Halafu tafuta muda: wasio na ajira wamekaa hivyo kwa muda gani. Nchi mbili zinaweza kuwa na asilimia 6 zote. Moja, mtu hukaa nje wiki sita akarudi kazini. Nyingine, ni walewale mwaka wa pili huu. Kwangu mimi hizo ni nchi mbili zenye magonjwa tofauti, na dawa ya moja haiifai nyingine. Aprili 2020 ukosefu wa ajira Marekani ulifika asilimia 14.8, lakini wengi wa walioguswa walikuwa wameambiwa wasubiri nyumbani kisha warudishwe kazini. Ndiyo maana kiwango kilikuwa kimeshuka chini ya asilimia 7 kabla mwaka haujaisha. Ungeisoma namba ya Aprili peke yake ungedhani wamepotea kwa miaka kumi.

Neno moja kuhusu vijana, maana najua takwimu zao huwatia watu hofu. Mwaka 2013 Hispania iliripoti ukosefu wa ajira kwa vijana uliozidi asilimia 55. Wengi walisoma kwamba zaidi ya nusu ya vijana wote hawana kazi. Asilimia ile ilihesabiwa kwa vijana waliomo kwenye nguvu kazi tu. Walio masomoni wasiotafuta kazi hawamo. Ukiwahesabu vijana wote, wasio na ajira walikuwa takribani mmoja kati ya watano. Bado ni balaa, lakini ni balaa lenye ukubwa mwingine.

Nimefika kwenye swali lako la mwisho, ambalo kwako ndilo la leo na kesho. Ichukue.

Sisemi hivyo kwa mazoea ya wazee kuwaambia vijana washike chochote. Kuna ushahidi. Watafiti Kroft, Lange na Notowidigdo waliwahi kupeleka wasifu wa kubuni takribani 12,000 kwa nafasi takribani 3,000 zilizotangazwa katika miji ya Marekani. Muda ambao kila mwombaji amekaa bila kazi ulipangwa kwa bahati nasibu. Simu za kuitwa kwenye usaili zilipungua kadiri muda ulivyoongezeka, na zilipungua zaidi katika miezi minane ya mwanzo. Tena walikuta adhabu hiyo ni kali zaidi pale ambapo soko la kazi ni zuri, kwa sababu mwajiri hujisemea: kazi zote hizi, huyu mbona bado yuko nje? Umeona? Ni lile swali lako, linaulizwa na mtu wa upande wa pili wa meza, na yeye pia analijibu vibaya. Pengo kwenye wasifu linasomwa kama habari kuhusu uwezo wako, hata pale ambapo ni habari kuhusu soko tu.

Miezi minne ya mkataba inafunga pengo hilo. Na kumbukumbu za stoo haziko mbali na uhasibu kama unavyofikiri. Nani alipokea, nani alitoa, salio la kitabu na lililoko rafuni vinalingana au havilingani: mkaguzi wa hesabu huanzia hapohapo.

Ila angalia mambo fulani. Kazi ikikubana kiasi kwamba huna hata nusu siku kwa wiki ya kuandika maombi na kwenda kwenye usaili, itakurudisha ulipo baada ya miezi minne, umechoka zaidi. Uliza saa za kazi mapema, kabla ya kutia saini. Unapoendelea kutafuta, anza na matangazo ya siku chache zilizopita. Lililokaa miezi linaelekea kuwa na sharti lisilofikika. Tangazo la kampuni moja, nafasi moja, linalorudi kila baada ya miezi mitatu, maana yake watu wanaingia na kutoka, basi tafuta mtu aliyewahi kufanya kazi hapo umuulize. Anayekudai ada ya usaili au ya fomu, achana naye. Sharti la uzoefu likizidi ulionao kwa mwaka mmoja au miwili, tuma tu, na usitumie barua ileile uliyoituma kwingine: andika aya ya kwanza kuhusu kazi yao, si kuhusu shahada yako.

Na huu mkataba wa stoo, kabla hujausaini, omba cheo chako kiandikwe kwa ukamilifu, pamoja na tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na jina la atakayekuwa msimamizi wako. Mara nyingi huandika "kibarua" kwa uvivu tu, na ukiomba kwa heshima hubadilisha. "Karani wa kumbukumbu za stoo", tarehe mbili na mtu wa kupigiwa simu, mstari huo ndio utakaosomwa siku ya mchujo.